Mbirimbi na Ukoo Wake: Jina la Mmea katika Elimu na katika Kamusi

Miongoni mwa maneno yanayomsumbua mtunga kamusi, majina ya mimea yana nafasi ya pekee. Aghalabu msomaji afunguapo kamusi kutafuta jina la mti hukuta maelezo mafupi yasemayo kwamba huo ni "aina ya mti". Maelezo hayo si ya uongo. Lakini asiyeujua mti huo hayamfai, na aujuaye hayahitaji. Makala haya yanauchunguza mti mmoja, mbirimbi, pamoja na ukoo wake, ili kuonyesha jinsi utafiti wa elimu ya mimea unavyoweza kumfaa mwanaisimu katika tatizo hili.

Watu wa pwani wanaujua mbirimbi kwa tunda lake chachu la kijani, lenye umbo la tango dogo, ambalo hutiwa katika mchuzi wa samaki au hufanywa achari. Asili ya neno ni mashariki ya Bahari ya Hindi. Wamalei husema belimbing. Lilipofika katika Kiswahili lilipokewa na mfumo wa ngeli: tunda likawa birimbi, wingi mabirimbi, mti ukawa mbirimbi, wingi mibirimbi, kama ilivyo kwa embe na mwembe. Neno geni moja, basi, lilizaa maneno mawili, na kila moja likashika kazi yake.

Mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, katika kitabu chake Species Plantarum, aliupa mti huohuo jina la Averrhoa bilimbi. Sehemu ya pili ya jina hilo ni ndugu wa birimbi letu. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa Ibn Rushd (1126–1198), kadhi, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi, ambaye Wazungu walimwita Averroes. Jina ambalo wengi hulidhani kuwa la Kilatini kitupu kumbe limebeba mwanachuoni wa Kiislamu na neno la Waasia. Linnaeus hakuona haya kukopa, wala Kiswahili hakikuona.

Ukoo wa mti huu huitwa Oxalidaceae, nao una jenasi tano na spishi zaidi ya 500. Zilizo nyingi mno ni za jenasi ya Oxalis, mimea midogo ambayo jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya ukali wa ladha. Ukali huo huletwa na asidi oksaliki. Charles Darwin aliichunguza mimea hii kwa makini. Katika kitabu cha mwaka 1877 alieleza kwamba baadhi ya spishi zina maua ya namna tatu: katika mmea mmoja vijiti vya kike vya ua ni virefu, katika mwingine ni vya wastani, na katika wa tatu ni vifupi. Mbegu hupatikana vizuri zaidi chavua itokapo kwenye ua la namna nyingine. Mwaka 1880 alieleza pia jinsi majani ya mbirimbi yanavyojiinamisha na kujiinua.

Katika Afrika ya Mashariki, ukoo huu ulielezwa na J. O. Kokwaro mwaka 1971, katika mfululizo wa vitabu vya mimea ya Kenya, Tanzania na Uganda. Hapa ndipo umuhimu wa jina unapomgusa mkulima. Oxalis latifolia, yenye asili ya Marekani ya kitropiki, ni gugu la mashamba ya nyanda za juu. Huenea kwa vijitunguu vilivyo chini ya ardhi, hivi kwamba jembe likiukata mmea huvitawanya. Oxalis corniculata, yenye maua ya manjano, huzirusha mbegu zake mbali pindi tunda likomaapo. Mimea yote miwili ina vijani vitatu vitatu, na mtazamaji wa haraka huweza kuiita kwa jina moja. Lakini aliyeiunganisha kwa jina ameunganisha pia njia za kuiondoa, na atakayepata hasara ni mwenye shamba.

Hatari huweza kumfikia hata mlaji. Mwaka 2013 matabibu wa Kerala, India, walitoa taarifa ya wagonjwa walioharibikiwa na figo baada ya kunywa maji mazito ya birimbi kama dawa. Birimbi chache katika mchuzi si sawa na bilauri ya maji yake; hata hivyo, kamusi isemayo "aina ya tunda" haimwonyeshi mfasiri wa maandishi ya tiba ni tunda lipi linalotajwa.

Hapana budi kuongeza tahadhari moja. Uainishaji nao hubadilika. Kwa muda mrefu ukoo huu uliwekwa katika oda ya Geraniales. Mwaka 1998 kundi la wataalamu waliotegemea uchunguzi wa chembe za urithi waliuweka katika oda ya Oxalidales. Kwa hiyo mtunga kamusi asiuegemeze ufafanuzi wake juu ya oda, bali juu ya jina la spishi, umbo na matumizi. Kwa mfano:

Mbirimbi nm mi- mti mdogo (Averrhoa bilimbi) wenye majani ya vijani vingi, maua mekundu yaotayo kwenye shina na matawi, na tunda chachu la kijani liitwalo birimbi, litumiwalo katika mchuzi na achari.

Ufafanuzi huu hauzidi mistari michache. Hata hivyo, mtu wa bara ambaye hajapata kuuona mbirimbi ataweza kuutambua siku atakapopita chini yake, na mtaalamu wa mimea hatakuwa na la kuusahihisha. Kazi ya namna hii yafaa ifanywe na watu wawili, mwanaisimu na mwanabotania, wakiwa na mmea wenyewe mbele yao.