Kuhesabu kasa Aldabra si kazi ya mwaka mmoja

Ukisikia mtu ameajiriwa kuhesabu alama mchangani, huenda ukacheka. Subiri kwanza.

Aldabra ni mduara wa visiwa vya matumbawe ulio katika pembe ya mbali ya Ushelisheli. Hakuna kijiji wala hoteli. Wanaoishi huko ni wahudumu wa kituo cha utafiti, na kazi yao moja kubwa ni kutembea ufuoni asubuhi kusoma yaliyotokea usiku.

Usiku kasa jike hutoka majini, akajikokota hadi mahali ambapo maji hayafiki, akachimba shimo na kutaga mayai mia moja hivi. Akirudi baharini huacha michirizo miwili, wa kupanda na wa kushuka, utadhani trekta imepita. Kasa wa kijani husukuma mapezi yote mawili kwa pamoja. Ng'amba huyavuta kwa zamu, kulia kisha kushoto. Kwa hivyo mchirizo pekee unakuambia nani alikuwa hapa. Bado inabidi uangalie kama kweli alitaga au alibadilisha nia akarudi, na fuo nyingine huko hufikiwa kwa kuvuka mawe makali yanayokula viatu. Si mchezo.

Tatizo ni kwamba hesabu ya mwaka mmoja haisemi kitu. Jike hutaga mara kadhaa kwa msimu, halafu anapumzika miaka miwili, mitatu au zaidi. Mwaka huu ufuo umejaa, mwaka ujao kimya. Ukitaka ukweli, hesabu kwa miongo.

Na wamehesabu. Zamani kasa wa Aldabra walivunwa ovyo kwa nyama, na sehemu zao laini zikauzwa ng'ambo kutengenezea supu ya matajiri. Mwaka 1968 kuwakamata huko kukapigwa marufuku. Wakati huo viota vilikadiriwa kuwa kati ya 2,000 na 3,000 kwa mwaka. Nusu karne baadaye vimepita 15,000. Mtafiti Jeanne Mortimer, aliyeanza kufuatilia kasa wa Ushelisheli mwaka 1981, ametumia karibu maisha yake yote ya kazi katika hesabu hizi.

Mbona ikachukua muda hivyo? Kasa wa kijani huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Kifaranga aliyeponea marufuku ya 1968 alirudi kuwa mama miaka ya tisini. Waliopitisha sheria ile hawakuwa na matunda ya kuonyesha wapiga kura. Hebu niambie ni kiongozi gani wetu angevumilia hivyo.

Sasa usidhani haya ni ya Waushelisheli pekee. Kasa hutagia mahali pamoja na kulisha kwingine, na nyasi za baharini za Afrika Mashariki ni malisho yake. Jike mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti baada ya kutaga Diego Garcia, visiwa vya Chagos katikati ya Bahari ya Hindi, aliogelea karibu kilomita 4,000 hadi pwani ya Somalia. Hapo ni jirani na Kiunga yetu. Na huku, licha ya sheria, bado kuna wanaomchinja kasa kwa nyama, na kwa mafuta ambayo ati ni dawa. Mtu mmoja na kisu anaweza kumaliza kwa dakika kumi kilicholindwa tangu kabla hajazaliwa.

Kwa hivyo ukiwa Lamu, Watamu au Msambweni na ukute kasa amenaswa wavuni, mwangalie pezi la mbele. Wengine wana kibati cha chuma kilichobanwa hapo: upande mmoja namba, upande wa pili anwani ya waliokifunga. Kipige picha pande zote, usikitoe. Mwachilie kasa, kisha peleka namba kwa maafisa wa KWS walio karibu. Huenda kuna mtu kisiwani ameisubiri miaka ishirini.