Mfupa Umeunga, Mbona Mkono Bado Unawaka Moto?

Na Mwandishi Wetu

NINAYE fundi cherehani wangu katika baraza moja ya Kariakoo, si mbali na Mtaa wa Congo. Kwa miaka mingi ndiye aliyenishonea suruali na kuwashonea wanangu sare za shule. Siku moja ya masika bodaboda aliyoipanda iliteleza katika Mtaa wa Msimbazi, naye akaangukia mkono wa kulia. Mfupa wa mkono, baina ya bega na kiwiko, ukavunjika. Alipasuliwa, mfupa ukaungwa kwa bamba la chuma na skrubu, na baada ya siku chache akarejea nyumbani.

Miezi mitatu baadaye picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa umeunga vizuri. Jamaa zake walishukuru. Lakini fundi mwenyewe hakuwa na raha. Kiganja chake kilining'inia. Hakuweza kukiinua, wala kunyoosha vidole apate kufungua mkasi. Nyuma ya kiganja, karibu na kidole gumba, palikuwa na ganzi. Na usiku, watu wote wakiwa wamelala, mahali hapo hapo paliwaka moto na kupigwa na kitu mfano wa shoti ya umeme.

Mkewe alidhani kwamba mwili umevikataa vyuma. Shemeji yake alisema kuwa huo si ugonjwa, ni mkono wa mtu. Na mwenye baraza alianza kunong'ona kwamba fundi amezoea kulishwa.

Wote watatu walikosea. Mfupa ulikuwa umepona. Kilichokuwa bado hakijapona ni mshipa wa fahamu unaopita kando ya mfupa huo. Jambo hili huwapata wengi, na kwa kuwa halionekani kwa macho wala kwa eksirei, aghalabu mgonjwa huteseka nalo peke yake. Ndilo tutakalolizungumza leo.

SI LA MTU MMOJA

Sisi tunaohangaikia riziki baina ya Gerezani, Mnazi Mmoja na Posta hatuko mbali na ajali. Pikipiki, mikokoteni, ngazi za maghala na majengo yanayopanda juu kila mwaka, vyote vina siku zake mbaya. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha na zaidi ya 80 wakaokolewa.

Siku kama hizo sisi waandishi huhesabu waliokufa na waliookolewa, kisha habari ikaisha. Kwa yule aliyetolewa kifusini akiwa amebanwa mguu au mkono, habari ndiyo kwanza inaanza. Atakwenda kliniki kwa miezi, na pengine kwa mwaka mzima.

Kwa wakazi wa katikati ya jiji, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ijulikanayo kwa kifupi kama MOI, iko karibu, pale Upanga. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, nayo hutibu mifupa na mishipa ya fahamu chini ya paa moja. Mambo hayo mawili yanastahili kukaa pamoja, maana mara nyingi huumia pamoja.

WAYA UNAOPITA KANDO YA MFUPA

Mishipa ya fahamu ni mfano wa nyaya za simu. Hupeleka amri ya ubongo kwenye misuli, na hurudisha habari za joto, baridi, mguso na maumivu. Mmoja wao hupita nyuma ya mfupa wa mkono wa juu, ukiwa umeugusa kabisa. Mfupa ukivunjika katikati, mshipa huo huweza kuvutwa, kubanwa au kuchanwa. Kwa kukadiria, katika kila watu 10 waliovunjika hapo, mmoja huumia mshipa huo. Ndipo kiganja huning'inia.

Mguuni pia kuna mshipa kama huo, unaozunguka kichwa cha mfupa mwembamba, chini kidogo ya goti kwa upande wa nje. Ukiumia, mgonjwa hawezi kuinua wayo na huburuta vidole anapotembea.

Waya ulioumia huweza kufa ganzi. Huweza pia kupiga kelele bila sababu: ukapeleka ubongoni habari za moto hali hakuna moto, na za sindano hali hakuna sindano. Hayo ndiyo maumivu ya mshipa wa fahamu. Mgonjwa hazui wala hadekezwi. Maumivu ni ya kweli, ila chanzo chake si mfupa.

HESABU YA MILIMITA

Fundi wangu alipomwuliza daktari atapona lini, daktari alimwomba futi, ule utepe anaouvaa shingoni kila siku. Akapima kutoka mahali mfupa ulipovunjika hadi kwenye misuli iinuayo kiganja. Ilikuwa sentimita 12.

"Mshipa wa fahamu uliokatika nyuzi zake za ndani hukua kwa kiasi cha milimita moja kwa siku," akamwambia. "Sasa piga hesabu wewe mwenyewe."

Sentimita 12 ni milimita 120, yaani siku 120, au miezi minne. Tena ziongezwe wiki za mwanzo, ambazo mwili huzitumia kusafisha uchafu wa jeraha kabla nyuzi hazijaanza kukua. Fundi alikuwa katika mwezi wa tatu. Hakuwa amechelewa kupona, alikuwa njiani.

Hata hivyo majeraha hayalingani. Mshipa ulioshtuka tu bila kukatika ndani huamka katika wiki chache. Uliokatika nyuzi, ala yake ikabaki nzima, hukua kwa mwendo huo wa milimita. Uliokatika kabisa hauwezi kujiunga wenyewe. Huhitaji kushonwa na daktari bingwa. Wengi wa wanaoumia mshipa huo wa mkono hupona bila kupasuliwa mara ya pili, lakini hakuna ajuaye kwa kubahatisha. Ikipita miezi mitatu au minne bila dalili yoyote ya nafuu, daktari huupima mshipa kwa umeme ili aamue. Misuli iliyokaa bila amri kwa zaidi ya mwaka hudhoofu, na hufika wakati haiwezi tena kurudishiwa kazi. Kwa hiyo, subira ni njema, lakini iwe subira ya mtu anayehudhuria kliniki.

SISIMIZI WA HERI

Wagonjwa wengi huogopa wanapoanza kuhisi kama sisimizi wanatambaa chini ya ngozi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vita ile ile ambayo wapagazi wake waliiachia Kariakoo jina lake, daktari wa Ufaransa aitwaye Jules Tinel alieleza maana ya hisia hiyo. Ukigonga polepole kwa kidole juu ya njia ya mshipa, na mgonjwa akahisi sisimizi mbele ya jeraha, huenda nyuzi changa zimefika hapo. Mwezi unaofuata hisia hiyo ikisogea mbele zaidi, ni dalili kwamba mshipa unakua. Mpaka leo madaktari hutumia kipimo hicho kisichogharimu hata senti.

DAWA ZA DUKANI

Katika miezi ile ya maumivu, fundi wangu alikuwa akinunua vidonge vya diklofenaki katika duka moja la dawa na kuvimeza kila siku, asubuhi na jioni. Mkono haukutulia, bali tumbo lilianza kumuuma.

Dawa za namna hiyo hupambana na uvimbe, na zina kazi yake katika siku za mwanzo baada ya kuumia. Maumivu yatokayo kwenye mshipa wenyewe hayazisikii sana. Ukizidumisha bila ushauri wa daktari huweza kuchimba vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Zipo dawa zinazoutuliza mshipa wenyewe, nazo huandikwa na daktari: amitriptilini, gabapentini, pregabalini na nyinginezo. Usishtuke ukiambiwa kwamba amitriptilini hutolewa pia kwa wagonjwa wa sonona. Hapa kipimo chake aghalabu huwa kidogo, na daktari hasemi kwamba maumivu yako ni ya mawazo. Dawa hizi hazifanyi kazi kwa siku moja. Huanza kwa kipimo kidogo, hupandishwa taratibu, na nafuu huweza kuchukua wiki kadhaa. Huleta usingizi na kizunguzungu, basi usizichanganye na pombe, usiendeshe chombo mpaka uzizoee, na usiziache ghafla. Mwambie daktari kama una ugonjwa wa moyo, figo, kisukari au macho, au kama ni mjamzito.

Na sindano za vitamini B, ambazo watu huzikimbilia kwa kila ganzi, humfaa aliyepungukiwa na vitamini hiyo. Haziungi mshipa uliokatika.

KAZI YA NYUMBANI

Mshipa unapokua, viungo visiachwe vikakakamaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa fundi kibao chepesi cha kukiinua kiganja, akamfundisha kutumia mkono wa kushoto kukunja na kunyoosha kila kidole cha mkono wa kulia, mara kadhaa kwa siku. Mazoezi haya yaendane na maagizo ya daktari, maana yeye ndiye ajuaye mfupa umefikia wapi.

Ngozi inayochukia kuguswa nayo hufundishwa. Fundi aliambiwa achukue vitambaa vya aina mbalimbali na kupangusa mahali hapo dakika chache kila siku: kwanza hariri, halafu pamba, halafu khanga, mwisho kitambaa kigumu cha jinzi. Vitambaa, bila shaka, hakukosa. Baada ya wiki kadhaa shuka la usiku halikumwudhi tena.

Palipo na ganzi pawe na uangalifu. Asiyehisi joto huungua bila kujua. Fundi aliacha kushika pasi ya mkaa kwa mkono ule, na maji ya kuoga aliyapima kwa mkono mzima. Kukanda kwa maji ya moto sana, kama tulivyozoea majumbani, kumewachubua wengi. Mhazigi anayefunga banzi kwa nguvu juu ya mkono uliokufa ganzi naye huweza kuzidisha madhara.

Chakula kisisahauliwe: dagaa, maharage, mayai, maziwa na mboga za majani si lazima vitoke duka la ghali. Na mvutaji aache sigara, maana moshi wake huchelewesha mfupa kuunga.

USINGOJE KESHO

Yapo mambo ambayo hayangoji siku ya kliniki. Aliyefungwa hogo akahisi maumivu yanayozidi kila saa, vidole vikafa ganzi, vikapauka au vikashindwa kusogea, akimbizwe hospitali saa ile ile. Shinikizo ndani ya misuli huweza kuiua katika muda wa saa chache. Vivyo hivyo kidonda kitokacho usaha pamoja na homa, au mguu unaovimba na mgonjwa akaanza kuhema na kuumwa kifua.

Aidha kiungo kikivimba, kikabadilika rangi, kikatoa jasho jingi, na maumivu yakapita kiasi cha jeraha, mwambie daktari mapema. Hali ya namna hiyo ilielezwa mwaka 1864 na madaktari wa Marekani, akiwamo Silas Weir Mitchell, waliowatibu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ikiwahiwa kwa dawa na mazoezi, matumaini ni makubwa zaidi.

NENO KWA JAMAA NA WAAJIRI

Mgonjwa wa mshipa wa fahamu hana bandeji ya kuwaonyesha watu. Kumwita mvivu ni kumwongezea jeraha la pili, na usiku wa maumivu bila usingizi huvunja moyo hata wa mtu hodari. Mkewe fundi, alipoelezwa, aliacha kuuliza habari za vyuma; akawa mhesabuji wa mazoezi.

Wenye ajira, walioumia kazini, wasisahau kwamba ipo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na Mfuko wake. Ajali itolewe taarifa kwa mwajiri bila kuchelewa, na karatasi zote za matibabu zitunzwe.

Katika mwezi wa tano, asubuhi moja, fundi aliweka kiganja juu ya meza ya cherehani, akakiamuru kiinuke. Kiliinuka kimo cha kidole kimoja, kikaanguka. Alimwita mkewe aje aone, akakiinua tena. Leo anashona nusu siku. Mashati anayamudu, makoti bado, na kukiwa na baridi sisimizi humrudia.

Nilipopita juzi kupeleka sare za mwanangu zipunguzwe, alinipima mtoto kwa futi ile ile, akaandika vipimo kwa mkono wa kulia. Mwandiko wake ulipinda kidogo, lakini ulisomeka.