Mkahawa uliohama na kuta zake

MSOMAJI, je, umewahi kusikia mkahawa ukihama mji pamoja na kuta, paa na kaunta yake?

Basi fahamu kuwa Miss Bellows Falls, mkahawa mashuhuri wa mji mdogo wa Bellows Falls, jimbo la Vermont nchini Marekani, ulianza kazi kwingine. Ulitengenezwa yapata mwaka wa 1941 na kampuni ya Worcester Lunch Car, ukawekwa Lowell, jimbo la Massachusetts. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ulisafirishwa mzima hadi Bellows Falls, mji wa viwanda vya karatasi, ukapewa jina la mji huo.

Usistaajabu. Mikahawa ya aina hii, iitwayo daina, asili yake ni mkokoteni. Mwaka wa 1872 Walter Scott alianza kuuza chakula usiku mjini Providence, ndani ya gari la kukokotwa na farasi. Aliwalenga watu wa zamu ya usiku, wakiwemo wafanyakazi wa gazeti, ambao walikuta kwingine kumefungwa. Baadaye magari hayo yalipanuliwa ili mteja ale ndani asinyeshewe. Mwishowe yakawa majengo ya kiwandani, marefu na membamba kama behewa la garimoshi, ili yabebeke. Kampuni ya Worcester peke yake ilitengeneza 651 kati ya 1906 na 1957.

Wembamba huo ndio uliozaa tabia ya mahali hapo. Hakuna nafasi ya kujitenga. Unakaa kwenye kaunta bega kwa bega na usiyemjua, mpishi anakaanga mayai mbele ya macho yako, na soga ya mmoja ni ya wote. Karani na kibarua wanangoja kahawa ile ile.

Mwaka wa 1983 Miss Bellows Falls uliingizwa katika orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria. Lakini orodha haipiki kahawa. Hatimaye mlango ulifungwa, na wenyeji wakaungana kuununua na kutafuta fedha za kuutengeneza. Walijua kuwa behewa tupu ni mbao na bati tu. Uhai wake ni watu.

Nawe msomaji, usingoje mkahawa wa mtaani kwenu ufungwe ndipo uukumbuke. Ingia, agiza chai, umsalimie aliye kando yako.