Reli ndefu, abiria haba

Nchi gani ina reli ndefu zaidi duniani? Wengi watasema China au India. La, msomaji, ni Marekani. Reli zake hupita kilomita 200,000. Zikiunganishwa, zitaizunguka dunia mara tano. China ni ya pili: ilivuka kilomita 160,000 mwaka wa 2024. India ina takriban 69,000 tu.

Lakini reli za Marekani hasa ni za mizigo: nafaka, makaa ya mawe, makontena. Amtrak, shirika la abiria wa kati ya miji, hubeba watu milioni 30 na ushei kwa mwaka. India hubeba idadi hiyo kwa siku mbili, wakiwemo wafanyakazi wa Mumbai.

Basi mwanafunzi, ukiulizwa bingwa ni nani, uliza kwanza: bingwa wa urefu au wa abiria?