Mtoto mwenye hasira asaidiwe vipi?

Mtoto anayevunja vikombe, au kijana anayejifungia chumbani siku nzima, pengine hana maneno ya kueleza yanayomsumbua moyoni. Hapo ndipo mshauri wa kisaikolojia husaidia. Mtoto mdogo hupewa wanasesere na rangi, kwani huweza kuonyesha kwa mchezo asichoweza kusema. Kijana hufundishwa kutambua dalili mapema, kama moyo kudunda na kukunja ngumi, avute pumzi polepole, kisha alichunguze wazo lililomchochea: "Mwalimu ananichukia." Je, ni kweli? Mzazi naye huitwa, na wengine hukasirika wakiitwa! Lakini kiboko humfunza mtoto kuficha hasira tu. Akitaja kujiua, usingoje miadi. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Simu ya watoto, 116, haitozwi malipo.