Vizuizi vya Beta na Neva Zinazouchosha Moyo

Moyo wa binadamu una chanzo chake chenyewe cha mapigo, yaani kundi dogo la seli lililo katika chumba cha juu cha kulia, ambalo likiachwa bila kuingiliwa na neva yoyote hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Kinachoufanya moyo wa mtu mzima aliyepumzika upige mara 60 hadi 80 tu ni neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo na kuutuliza muda wote. Kinachouharakisha mtu anapopanda ngazi au kushtuka ni neva za simpathetiki, ambazo humwaga katika misuli ya moyo kemikali iitwayo noradrenalini. Kemikali hiyo hushikamana na vipokezi vya beta, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli, na kwa njia hiyo kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya seli na msuli hujikaza kwa nguvu na kwa haraka zaidi.

Moyo unapodhoofika, iwe kwa shinikizo la juu la damu la miaka mingi au kwa ugonjwa wa misuli yake, vihisio vilivyomo kwenye aota na katika mishipa ya shingoni huuarifu ubongo kwamba damu inayosukumwa haitoshi, nao ubongo hujibu kana kwamba mtu anavuja damu: vagasi hulegea, simpathetiki huchachamaa. Kwa saa chache mwitikio huo huokoa maisha, ila ukidumu kwa miezi hugeuka kuwa ugonjwa ndani ya ugonjwa. Seli hulemewa na kalsiamu na kufa kidogo kidogo, chumba cha kushoto hutanuka, mapigo huvurugika, na figo, zikichochewa na neva hizo hizo, huanzisha mfululizo wa homoni unaoishia kwenye anjiotensini ya pili, ambayo hubana mishipa na kuufanya mwili ubakize chumvi na maji hadi miguu ivimbe. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake nchini Marekani walionyesha kuwa misuli ya moyo ulioshindwa imepoteza karibu nusu ya vipokezi vyake vya beta. Miaka miwili baadaye Jay Cohn na wenzake walibaini kwamba kadiri noradrenalini inavyozidi katika damu, ndivyo uwezekano wa mgonjwa kufariki unavyoongezeka.

Hata hivyo, vizuizi vya beta, dawa zinazokaa kwenye vipokezi hivyo na kuizuia noradrenalini isivifikie, vilikatazwa kwa muda mrefu kwa wagonjwa hawa, kwa hoja iliyoonekana kuwa ya busara kabisa kwamba moyo dhaifu hauwezi kunyang'anywa msaada. Huko Göteborg, Uswidi, Finn Waagstein na wenzake walithubutu kuwapa dawa hizo wagonjwa 7 waliokuwa katika hali mbaya, wakapata nafuu, na taarifa yao ya mwaka 1975 ilipokewa kwa mashaka makubwa. Ushahidi usiopingika ulikuja mwaka 1999, pale utafiti wa CIBIS-II uliohusisha wagonjwa 2,647 ulipoonyesha kuwa miongoni mwa waliotumia bisoprololi, mojawapo ya vizuizi vya beta, walifariki asilimia 11.8, ikilinganishwa na asilimia 17.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni karibu robo karne tangu taarifa ya Göteborg, na haikosi kusikitisha.

Dawa hii hudai subira. Bisoprololi huanza kwa miligramu 1.25 kwa siku na kupandishwa taratibu kuelekea miligramu 10, kwa sababu katika wiki za mwanzo moyo hupungukiwa nguvu kweli, na mgonjwa anaweza kuchoka au kuvimba zaidi. Ni baada ya miezi kadhaa ndipo chumba kilichotanuka huanza kusinyaa na uwezo wa kusukuma damu kupanda. Faida hii imethibitishwa zaidi kwa wagonjwa ambao nguvu ya moyo wao ya kusukuma imepungua, si kwa kila aina ya moyo kushindwa.

Isidhaniwe kwamba kuzinyamazisha neva kwa njia yoyote ile kungetosha. Moksonidini, inayopunguza amri za simpathetiki kutoka kwenye ubongo wenyewe, ilishusha noradrenalini ya damu kama ilivyotarajiwa, lakini vifo viliongezeka na utafiti wake ukasitishwa kabla ya wakati. Huenda tofauti ni kwamba kizuizi cha beta hukinga seli za moyo bila kuuondolea mwili uwezo wote wa kuchochea moyo pale unapohitajika.

Kwa kuwa baadhi ya vizuizi vya beta, hasa metoprololi, huongeza idadi ya vipokezi, kuviacha ghafla huuweka moyo wazi mbele ya noradrenalini ukiwa mwepesi zaidi kuchochewa, na mapigo yanaweza kuvurugika kwa hatari. Mgonjwa anayehisi amepona, au aliyeishiwa vidonge, asikatishe dawa kabla ya kuonana na daktari wake.