Ramani ya Dhana Darasani

Mtoto aweza kukariri faida kumi za miti bila kujua kwa nini asali hupungua miti ikatwapo. Hapo ndipo ramani ya dhana itufaapo. Njia hii ilibuniwa mwaka 1972 na Joseph Novak na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Tuchukue mfano wa Kaliua. Mwalimu aandike ubaoni: miombo, nyuki, asali, tumbaku, bani, kuni. Watoto wayaunganishe maneno hayo kwa mishale, na juu ya kila mshale waandike uhusiano: tumbaku “hukaushwa katika” bani, bani “hutumia” kuni, kuni “hukatwa katika” miombo, nyuki “hutegemea maua ya” miombo, nyuki “hutengeneza” asali. Mtoto wa mkulima na wa mrina asali, walioketi dawati moja, wataona jinsi kazi za wazazi wao zinavyogusana.

Hatuna budi kukumbuka kwamba mshale usio na maneno haufundishi kitu. Mtoto anayeshindwa kuujaza ametuonyesha asipoelewa, tuanzie hapo. Wala tusimpe ramani yetu ainakili, maana tutakuwa tumerudi kwenye kukariri.